Spika ya Kulia

Mtaani walimwita Masikio, na wala hakuwa na masikio makubwa. Alikuwa akipita nje ya nyumba ya mtu, muziki unapigwa, basi anasimama na kubisha hodi: "Jamani, spika yenu mmeibandika ukutani. Isogezeni, inavuma!" Kazi yake kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa hiyo, kupanga spika kwenye sebule za watu. Anapiga makofi kila kona asikie chumba kinavyojibu. Anapima kwa kamba yenye mafundo, kutoka kwenye kochi hadi spika hii, kisha hadi ile. Akimaliza, mwimbaji anasikika amesimama katikati kabisa, mahali pasipo na kitu.

Tangu watoto wahame, mkewe ndiye aliyefuatana naye kubeba waya.

Siku hiyo walikuwa kwa mwalimu mmoja mstaafu. Kamba ilisema spika ziko sawa. Lakini Masikio alisikiliza, akatikisa kichwa, akaivuta ya kulia mbele. Akaivuta tena, hadi ikakaribia kugusa mguu wa kochi.

"Fundi," mwalimu alicheka, "huyu mwimbaji anataka kunikalia mapajani?"

"Hapo ndipo penyewe, mwalimu. Utazoea."

Mkewe hakucheka. Wiki zile alikuwa ameona mambo: akimwita kwa upande wa kulia, haitiki, simu ameihamishia sikio la kushoto. Aliyaona yote, akajitia hamnazo. Sasa aliketi kwenye kochi kusikiliza. Sauti yote ilikuwa imeelemea kulia.

Angeweza kunyamaza, mumewe aondoke na heshima yake. Lakini kesho mwalimu angemwita fundi mwingine, na maneno yangesambaa mtaa mzima.

"Baba watoto," alisema polepole, "irudishe pale kamba iliposema."

"Kwani unaisikia wapi?"

"Yote iko kulia."

"Acha utani, mama."

"Sikutanii."

Masikio alimtazama, kisha akamtazama mwalimu, ambaye ghafla alikuwa anakagua pazia lake. Akaliziba sikio la kushoto kwa kiganja. Wimbo ulikuwa unaendelea. Alisimama hivyo hadi ukaisha, ukaanza mwingine. Alipoushusha mkono, aliirudisha spika kwa kufuata kamba tu, bila kusikiliza.

"Vipi?" alimwuliza mkewe.

"Sasa iko sawa."

"Haya. Kusanya vitu twende."

Njia nzima mkewe alitafuta la kumwambia, kila alilolipata akaliona dogo.

Asubuhi simu iliita. Alikuwa mteja aliyengoja zamu yake wiki nzima. Masikio alimsukumia mkewe ile simu.

"Ongea naye wewe. Mwambie fundi ameacha kazi."

"Ameacha?" mteja alishangaa. "Tangu lini, mama?"

"Tangu jana," alijibu. Mumewe alikuwa amekwisha kumpa mgongo.