Wapita Njia wa Gerezani

Dada yangu alikuwa ndani ya eda nilipoanza kumhesabia watu. Mumewe alifariki ghafla. Mimi wakati huo nilikuwa Tunduma nikipakua malori, na nilifika Dar siku ya hitima, vyombo vikioshwa. Sikulia. Nilidhani ningelia baadaye.

Alibakiwa na cherehani na fedha za rambirambi. Eda ikiisha, alitaka kufungua kibanda cha ushonaji, apunguze suruali za mitumba na kubadilisha zipu. Dalali alikuwa na fremu mbili za maduka: moja Mchikichini, nyuma ya wauza viatu, nyingine mtaa wa Gerezani, hatua chache kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi. Wenye fremu wote wawili walitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Rambirambi ilitosha kulipia fremu moja tu. Akikosea, hakuna nyingine.

"Kwenda kuziona siwezi," aliniambia, amekaa kitandani na kanga yake nyeupe. "Na hadi eda iishe, zitakuwa zimechukuliwa. Mdogo wangu, wewe tangu utoto ni mtu wa kuchunguza. Kachunguze."

Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kuhesabu nilikujua. Kwenye malori tulihesabu magunia kwa vistari: vinne vya kusimama, cha tano kinavikata. Niliona watu nao wanaweza kuhesabiwa hivyo hivyo. Nikanunua daftari kubwa, kaunta buku.

Mchikichini nilikaa siku tatu kwenye benchi la mama mmoja muuza chai, daftari nimeliweka gotini, chini ya meza. Nilikuwa na fulana yangu ya kazi ya Tunduma. Hakuna aliyeniangalia. Watu walipita kidogo kidogo, wengine wakisimama kujipima suruali juu ya suruali walizovaa. Nao niliwachorea kistari kimoja kimoja, kama wengine.

Jioni ya siku ya tatu dada alifungua sanduku la marehemu mumewe. Marehemu alikuwa karani, nguo zake zote zimepigwa pasi. "Chukua," alisema. "Zitaliwa na mende." Kesho yake nilikwenda Gerezani nimevaa shati lake jeupe la mikono mirefu. Lilinitosha vizuri. Nilisubiri nijisikie vibaya, nikaona kola tu inabana.

Pale hapakuwa na benchi, hivyo niliazima kiti cha plastiki nikakaa mbele ya fremu, shata la mlango limefungwa nyuma yangu, kaunta buku wazi mapajani. Siku ya kwanza watu walipita kwa kiasi cha kawaida tu. Siku ya pili waliongezeka. Siku ya tatu mkono uliuma kwa kuchora. Walipita wauza mikanda, wauza soksi, akina mama wenye ndoo za karanga, na wengi walinisalimia.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba."

Nilifikiri watu wa Gerezani wana adabu.

Nilimpelekea dada daftari. Alipitisha kidole juu ya vistari, ukurasa baada ya ukurasa. Gerezani ilijaza kurasa mara tatu ya Mchikichini.

"Una uhakika?"

"Nimewahesabu mwenyewe."

Akanipa fedha zote, nikampelekea dalali.

Eda ilipoisha tulibeba cherehani kwa mkokoteni. Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili hakuja mtu. Watu waliokuwa wanashuka mwendokasi walipita mbio, macho mbele. Sikuwaona wauza mikanda wala akina mama wa karanga. Dada alitia uzi, akautoa, akautia tena.

Siku ya nne alitokea kijana mmoja, mikanda imemning'inia begani, begi mgongoni. Alinitazama, akatabasamu.

"Bosi! Majina yametoka?"

"Majina gani?"

"Ah, bosi, usinifanyie hivyo. Si ulikuwa unatuandikisha machinga? Tuliambiwa kuna mtu wa manispaa amekaa Gerezani na daftari, anaangalia nani yuko barabarani kweli, ili tugawiwe vizimba sokoni. Mimi nilipita kwako asubuhi, mchana, jioni. Nisirukwe! Hata shangazi nilimtoa Buguruni aje apite."

"Sikuwa wa manispaa," nilisema.

"Na lile shati?"

Nyuma yangu dada aliacha kutia uzi. Nilijua dada amesikia, na sikugeuka.

"Kwa hiyo," dada alisema taratibu, "ulihesabu watu waliokuja kukutazama wewe."

"Ndiyo, dada."

Nilingoja anitukane. Ingekuwa nafuu. Kijana alituangalia mmoja baada ya mwingine, akaona kuna jambo, akaanza kuondoka.

"Wewe, kaka," dada alimwita. "Begi lako limechanika ubavuni. Lete."

"Sista, mimi hela sina."

"Una mikanda. Huyu mdogo wangu suruali inamdondoka."

Kijana akacheka, akachagua mkanda mmoja mweusi, akanitupia. Dada akalishona lile begi kwa mshono wa mara mbili, bila kuinua kichwa. Alipokata uzi alisema, "Daftari lako liko wapi?"

"Chini ya meza."

"Mwandike."

Nilitafuta ukurasa mtupu, nikachora kistari. Kilikuwa cha kwanza siku ile, na hadi tunashusha shata, kilikuwa hicho hicho kimoja.