Papa Hilaire Apita Miji Mitatu Bila Kushuka

Ijumaa ile maman Mignonne hakunywa hata chai. Mume wake, papa Hilaire, alikuwa anapimwa, na kipimo chenyewe kilikuwa safari ya baiskeli: miji mitatu ya kale ya Hispania, polepole, bila kusimama. Akisimama njiani, harudi nyumbani kwao Ganshoren, orofa ya pili isiyo na lifti. Atabaki katika makao ya wagonjwa, na maman atazeeka peke yake na redio.

Msidhani walisafiri, jamani. Walikuwa hapahapa Bruseli. Baiskeli ilifungwa sakafuni, na mbele yake televisheni pana ikaonyesha barabara. Ukikanyaga, barabara inakuja, ukiacha, inaganda. Hamza, kijana anayewafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, aliichagua njia ile kwa kuwa vilima vyake vina huruma.

Lakini toka kiharusi kimwangushe, kila alipojaribu papa alisimama palepale, mwanzo wa mji wa kwanza, wazee wanapoota jua kwenye benchi chini ya ukuta wa kanisa. Hamza alidhani mguu umechoka. Wahudumu wengine wakaanza kunong'ona kwamba kichwa kimeguswa.

Kwenye korido, maman akamvuta mumewe kando.

"Hilaire, juu ya nini unasimamaka pale?"

Papa akatazama kofia yake. "Bazee beko bameikala. Nipite tu sawa mwizi?"

"Iko picha!"

"Najua iko picha. Muguu njo haijue."

Kisa maman alikijua. Ujanani papa alichanja ng'ombe katika vilima vya Walungu, kwao Kongo, akizunguka na kinga, ndiyo baiskeli yenu. Huko ukikuta wazee wameketi unashuka, unasukuma, unasalimia, ndipo unapanda tena. Siku moja alichelewa, akapita juu ya kinga akipunga mkono tu. Kilima kizima kikachukia, kikamficha ng'ombe wasichanjwe. Ugonjwa ukaja, ndama wakaisha. Miaka yote aliyosafisha treni katika kituo cha Gare du Midi, hapa Bruseli, haikuufundisha mguu ule jambo jingine.

"Bon, twende," akasema Hamza mlangoni.

Papa akapandishwa. Mashamba ya ngano yakaja, mnara wenye viota vya korongo, kisha benchi. Pedali zikalegea. Picha ikaanza kukwama. Hamza akainamisha kichwa.

Maman akainuka, akaenda hadi kwenye televisheni, akapiga makofi mawili ya heshima. "Jambo yenu, ba papa! Ule ni bwana yangu. Banamungojea mbele, mutamusamehe!"

Hamza akatoa macho. "Maman, unaongea na nani?"

"Na benyeji. Weye angalia muguu!"

Mguu ulikuwa umekanyaga. Wazee wakapita.

Mji wa pili, daraja la mawe na mwanamke mwenye kikapu cha mikate. Maman akamsalimia kabla papa hajamfikia vizuri. Jasho lilimtoka papa hadi shingoni. Barabara ikapanda, ikaingia mji wa tatu, kichochoro cha kuta nyeusi. Mlangoni, bibi mmoja, amevaa nguo nyeusi, amekaa peke yake.

Maman akamsalimia. Akamsalimia tena. Pedali zikazidi kulegea.

"Ule ni mama muzee, Mignonne," papa akasema, sauti imekatika. "Yeye siwezi kumupita. Nishuke."

"Na miye? Miye niko nani? Nitazeeka na nani, Hilaire? Kanyaga!"

Mnyororo ukalia mara moja, ukanyamaza. Kisha goti la kulia, lile gonjwa, likapanda. Likashuka. Bibi akasogea pembeni mwa picha, akapotea, na uwanja wa mji ukafunguka na nguzo zake.

"Imetosha, papa," akasema Hamza, akifuta paji la uso wake mwenyewe.

"Haiyatosha bado. Rudisha nyuma kidogo."

Hamza akairudisha. Bibi akatokea tena mlangoni. Papa akashusha mguu mmoja sakafuni, akashusha wa pili. Hamza akanyoosha mkono wa kumshika, akaurudisha. Papa akasimama wima bila fimbo, akavua kofia.

"Jambo, mama. Unisamehe, nilipita mbio."

Alipomaliza kusalimia, Hamza akamgeukia maman. "Nyumbani ngazi zina mahali pa kushikia?"

"Iko, pande zote mbili," akajibu maman. Tayari alikuwa anatafuta koti la mumewe.