Namba Yangu Ilipotembea Bila Mimi

Katika asubuhi zote za ujana wangu, mwanangu, ile ambayo haijanitoka ni ile niliyoitwa mbele ya halmashauri ya shule nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa karani katika sekondari moja ya Kajiado, si mbali na soko la mifugo. Nilikuwa nimeoa juzijuzi, tumepanga chumba kimoja Kitengela, na mke wangu ana mimba ya kwanza. Kazi ile ndiyo iliyotulisha. Hatukuwa na nyingine.

Siku hizo intaneti ilikuwa kitu kipya shuleni, na mwalimu mkuu alikuwa ameweka sharti kwamba mashine zilizokubaliwa tu ndizo ziingie. Wewe umekuta wifi iko ukutani, pengine hujawahi kujiuliza inakujuaje. Acha nikueleze vile nilivyoelezwa. Kila simu na kila kompyuta hutoka kiwandani ikiwa na namba yake ndani. Ukikaribia mtandao, kile kisanduku tunachokiita ruta huitazama kwanza namba hiyo. Ikiijua, inakupa namba nyingine ya muda, ya kutumia ukiwa pale, halafu inakufungulia njia. Isipoijua, utabaki ukiangalia kale kaduara kakizunguka mpaka uchoke. Hata leo jambo hilo hunistaajabisha. Kisanduku hakizidi sahani ya ugali, lakini kinazitambua mashine za shule nzima, hakilali, wala hakiombi ruhusa ya kwenda matanga.

Basi mwezi ule bando la shule likaisha mapema, na walimu wako katikati ya kusajili watahiniwa wa kidato cha nne. Mwalimu mkuu akawa moto. Alipoangalia kwenye ruta, akaiona namba moja iliyomeza karibu bando lote. Ilikuwa ya laptop yangu.

Niliapa kwamba mimi huandika barua tu na kuzituma. Nikaongeza kwamba laptop yenyewe ilikuwa ikinisumbua, mtandao unashika na kuachia siku nzima. Nani angenisikiliza? Mwenyekiti wa halmashauri, Mzee Lemayian, alikuwa mfugaji mwenye sauti ya upole, na siku ile upole wake ndio ulionitisha.

"Karani," akasema, "ng'ombe ikiingia shamba ya mtu, sisi tunaangalia sikio. Kila ukoo iko na vile inakata masikio ya mifugo yake. Ukiona alama, umejua boma, maneno imekwisha. Sasa hii namba ni sikio ya mashine yako."

Wote wakatikisa kichwa, kwa sababu pale Kajiado hakuna ushahidi unaopita huo. Mimi mtoto wa Bungoma ningebishana vipi na sikio la ng'ombe? Niliwaza nitamwambia nini mke wangu jioni.

Walikuwa wamemwita fundi aliyeuweka ule mtandao athibitishe tu, ili barua ya kunifuta kazi iandikwe. Jina lake Naisula, binti aliyesomea kazi hiyo Nairobi, na ofisi yake ilikuwa Kitengela. Aliingia, akainamisha kichwa mbele ya Mzee Lemayian kwa heshima, mzee akamgusa utosini, ndipo akafungua kompyuta yake. Akapitia orodha ya mashine zilizo kwenye ruta. Ningemwomba huruma, lakini hakuwa mtu wa kuangaliwa machoni akiwa kazini.

"Namba ni ya karani, hiyo ni kweli," akasema. Kisha akanigeukia. "Zima laptop yako. Si kufunika, zima kabisa. Iweke hapa mezani."

Nikaizima. Tukangoja. Mwalimu mkuu alianza kugongagonga meza kwa kalamu. Baada ya muda Naisula akageuza kompyuta yake ili wote waione. Mashine yangu imelala mezani, imezimwa, na namba yake bado iko mtandaoni inakula bando.

"Papa," akamwambia Mzee Lemayian, kama wanavyowaita wazee huko, "sikio inakatwa na kisu, na kisu si ya mtu mmoja. Hata hii namba mtu anaweza kuinakili akaivalisha mashine yake, na ruta itamfungulia. Ndiyo maana ya karani ilikuwa inakatikakatika, ziko mbili zinagombania njia moja."

Mzee alicheka kidogo, akasema yeye mwenyewe alishawahi kumwona ndama wake na sikio la boma la jirani. Nilitaka kumkumbatia yule binti, nikakumbuka adabu.

Lakini sijafika kwenye jambo lenyewe. Naisula aliendelea kuangalia, akasema ile mashine ya pili inaingilia kwa kisanduku kingine cha wifi, kilicho karibu na nyumba za walimu. Na kwa kuwa ilikuwa siku ya masomo, ni mwalimu mmoja tu aliyekuwa kwake, anauguza mguu. Mwalimu Barasa. Mtu wa kwetu, rafiki yangu, tuliyekuwa tukinywa chai pamoja ofisini kwangu, na laptop yangu iko pale mezani na namba yake imebandikwa chini. Hasira ilinipanda kichwani. Mtu wa nyumbani ananichimbia mimi, na mke wangu katika hali ile!

"Ni Barasa," nikasema. "Anaangalia mpira usiku kucha, kila mtu anajua. Madam, mtaje iandikwe."

"Siwezi," Naisula akasema.

"Lakini umeona ni kwake."

Akaacha kuandika, na sasa akaniangalia. "Nimeona mashine iko upande wa zile nyumba. Sijaona mkono wa mtu. Sijui anavuta nini mtandaoni wala kwa nini. Karani, saa ile ilikuwa ni wewe, ulitaka niseme tu kile najua. Sasa imekuwa ni mwingine, unataka niongeze."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga kofi. Nilikaa chini, na chai yangu ilikuwa imeshapoa.

Mzee Lemayian akasema Barasa aitwe, aulizwe, asishtakiwe. Akaja anachechemea, na kwa kuwa aliulizwa vizuri, akajibu vizuri. Ndiyo, aliinakili namba yangu nilipotoka kuchukua sukari. Alikuwa ameomba mashine yake ikubaliwe, akakataliwa. Alikuwa anasomea digrii kwa intaneti, na masomo yenyewe ni video. Akatuonyesha kwenye laptop aliyokuja nayo. Muhadhara baada ya muhadhara wa fizikia, pamoja na madaftari yaliyojaa hesabu. Mpira haukuwepo hata kidogo. Kisha akanigeukia, akaniomba msamaha mbele ya wote, machozi yanamlengalenga.

Alikosa, na aliambiwa amekosa. Hakufukuzwa, na mwalimu mkuu akakubali mashine yake iingie. Kabla ya kuondoka, Naisula aliifuta ile namba bandia kwenye mashine ya Barasa, akaiingiza mashine hiyo kwa namba yake halali, akaiwekea kiwango cha bando na saa za jioni tu. Alifanya yote hayo kwa uso uleule aliokuja nao, kana kwamba hakuwa ameokoa nyumba mbili asubuhi moja. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu siku hiyo, wenye magari na vyeo, na sijaona tena mtu anayeijua mipaka ya neno lake vile.

Mimba ile ilitupa msichana. Alipofika kidato cha tatu aliyemfundisha fizikia ni Barasa, na leo msichana huyo ni mhandisi. Kila akipiga simu nyumbani nakumbuka kwamba nusura nimfukuzishe mwalimu wake kwa mdomo wangu, kwa mpira ambao haukuwepo.

Kwa hiyo mwanangu, siku moja utakabidhiwa funguo za kitu, mtandao, ofisi au hata jina la mtu, nao watu watakukalia mezani wakitaka uwape mkosaji. Sema ulichokiona, na ukifika mwisho wake nyamaza, hata kama wote wamekukodolea macho. Usiongeze kwa kumwogopa mkubwa, usipunguze kwa kumpenda rafiki. Na kabla ya kumtaja mtu, mwite, umuulize.

Mungu akupe macho ya kuona sawasawa na ulimi usioyatangulia. Siku utakayosimama wewe mbele ya meza hiyo, akuletee mtu wa aina ya Naisula.