Jina Lililokuwa Halitamkwi Nyumbani Kwetu

Leo ukisimama mtaani kwetu hapa Diani ukaliita jina la mwanangu, watageuka watoto wanne na mbuzi mmoja. Mbuzi tumwache, ila watoto ni kweli tupu. Mmoja wao babake ni mpishi wa hoteli aliyetoka bara, na jina lenyewe ni la Kidigo. Sidhani kama toka Ukunda mpaka Vanga kuna mtu anayetembea kifua mbele kunishinda.

Miaka minne iliyopita jina hilo nilijua mtu mmoja tu aliyekuwa nalo: marehemu baba yangu, wa kijiji cha Jego. Na hata yeye hakuna aliyemwita kwalo. Mama hakulitamka, maana kwetu mke mwenye adabu hataji jina la mumewe. Sisi tulimwita Baba. Kijiji kizima kilimwita kwa jina la kaka yangu mkubwa, baba fulani. Alipofariki nikaona jina litamfuata kaburini, limeuawa na heshima zetu wenyewe. Kwa hiyo mwanangu wa kwanza alipozaliwa, nikampa.

Nililosahau ni kwamba mke wangu naye halitamki. Ni jina la baba mkwe wake. Bora ameze mkaa wa moto. Akawa anamwita mtoto Mkwe. Mkwe amelala, Mkwe amejikojolea.

Siku ya kwanza ya kliniki mimi nilikuwa kazini, mlinzi wa geti la hoteli, basi mke wangu akaenda na mama. Muuguzi, dada mmoja wa bara, akauliza jina la mtoto. Mke wangu akamtazama mama. Mama akatazama dari.

"Mama, mtoto hana jina?" muuguzi akamuuliza mke wangu.

"Analo."

"Anaitwa nani?"

"Muulize babake."

"Babake simuoni hapa. Nyumbani mnamwitaje?"

"Mkwe."

Kadi ikarudi imeandikwa Mkwe. Nilicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Kisha kicheko kikanikatika. Mimi nimesoma shule ya usiku, nimehitimu nikiwa na mvi kidevuni, na najua kwamba karatasi huzaa karatasi. Angekuwa Mkwe kwenye kadi, Mkwe kwenye cheti, Mkwe mpaka kwenye kitambulisho, na baba angekuwa amezikwa mara ya pili.

Safari iliyofuata nikaomba ruhusa, nikaenda nao. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata mimi sijawahi kulitamka kwa sauti. Nikalifanyia mazoezi ndani ya tuktuk, dereva akadhani nazungumza na majini.

Muuguzi alimwamkia mama shikamoo, kisha akanigeukia. "Haya baba, leo mwenyewe umekuja. Sema."

Nikasema. Katikati yake mna sauti ambayo si p, si f, wala si w. Midomo inakaribiana bila kugusana, pumzi inapita polepole, kama unapoza uji wa mtoto.

Akajaribu.

"Hiyo f, dada. F ni ya meno. Toa meno."

"Nikitoa meno nitakula nini?"

Benchi zima la kina mama likaangua kicheko, kisha nao wakaanza kujaribu, watu thelathini wakipoza uji usiokuwapo. Jirani yetu mmoja, mjamzito wa miezi minane, alilipata mara ya kwanza. Akalirudia, akalirudia tena, akashika tumbo. "Mbona tamu hivi? Akiwa wa kiume, nami nampa."

"Chukua," nikamwambia. Sijawahi kujiona tajiri kama siku ile.

Muuguzi akafuta Mkwe, akaandika jina, akatwambia tukae tungoje zamu ya mizani. Tukakaa. Mtoto alikuwa mapajani mwa mama yangu. Baada ya kitambo dada yule akasimama mlangoni, akakusanya midomo, akaliita jina la baba yangu kwa ukamilifu wake, sauti ile ya katikati imekaa pale pale inapotakiwa.

Mke wangu akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nainuka niitike.

Mama alijifunika uso kwa ncha ya leso. Akasimama na mtoto.

"Yupo," akasema. "Yupo hapa."