Mashavu Yaliyosikia Habari ya Mimba

Naona haya hata sasa ninapoyaandika haya, na si haya ya kuanguka barabarani au kupasukiwa na nguo, ni haya ya uso wangu mwenyewe, uso niliouosha, nikaupaka poda, nikaupeleka mbele ya wakwe wa mdogo wangu, nao ukanigeuka mbele yao. Mtakaocheka mcheke, mimi pia nimewahi kucheka kidogo, ila si siku ile.

Mimi ndiye Banze, mkubwa wa nyumba yetu. Baba alikuwa mfanyakazi wa migodi, akafa, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, tukatolewa kwenye nyumba ya kambi (nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ilikufa na mwenyewe), tukahamia vyumba viwili huku mtaani Katuba, na mimi nikaacha shule darasa la tano nikaanza kuuza samaki wa Kasenga sokoni ili Ngoie, mdogo wangu wa pekee, asiache. Hakuacha. Alisoma mpaka akawa mwalimu, na huko ndiko alikoonekana na kijana mmoja mfanyakazi wa reli, mpole, Mkatoliki kama sisi, ambaye jamaa zake walileta ujumbe kwamba watakuja na mahari baada ya Pasaka.

Sasa, kabla ya hapo, mimi nilikuwa nasumbuliwa na siku zangu za mwezi, damu nyingi mno, hata nikawa nakaa juu ya gunia sokoni naogopa kusimama. Mama Kalumba, muuguzi wa dispensari iliyo karibu na soko, akanipa vidonge. Hakunificha kitu. Aliniambia ni vile ambavyo wanawake wenye waume hunywa wasipotaka kuzaa, lakini kwangu vilikuwa vya kutuliza damu.

"Myezi tatu tu, Banze," alisema. "Kisha unarudia hapa nikuone. Umesikia?"

Nilisikia. Damu ikatulia. Lakini kukatokea jambo jingine ambalo hakuna aliyeniahidi: chunusi nilizokuwa nazo tangu usichana, zile kubwa za kwenye taya zilizonifanya nisipende kioo, zikakauka zote. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba nilikuwa na uso laini, na wanaume walionizoea kwa jina la "mama ya samaki" wakaanza kuniita "citoyenne", bibi mwananchi, kwa sauti ya adabu. Basi miezi mitatu ilipokwisha sikurudi kwa Mama Kalumba. Nilipata pakiti nyingine kwa mwenzangu wa sokoni, nikajiambia nitakunywa mpaka siku ya mahari ya Ngoie tu, niwe na uso wa kupokea wageni, kisha nitaacha. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo. Pakiti nikaificha kwenye mkebe wa chumvi.

Wiki chache kabla ya wageni, mabaka yakaanza. Mawili ya rangi ya kahawia, moja kila shavu, kisha jingine kwenye paji, kisha kivuli juu ya mdomo.

"Yaya, uso yako inafanya mawingu," Ngoie akasema (yaya kwetu ni dada mkubwa).

"Ni moshi ya samaki," nikamjibu, nikageuka.

Siku ikafika. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alitoka Kasungami kwa baiskeli na kuku wawili, akavaa abakosti yake ya pekee, koti la heshima lisilo na tai, akakaa kwenye kiti cha baba. Citoyen Kyungu, mwimbaji wa kwaya yetu, alituletea mabenchi ya parokia. Na upande wa wakwe aliongoza shangazi wa kijana, mama mmoja mnene mwenye miwani, ambaye (hili sikulijua, laiti ningelijua) alikuwa amezalisha wanawake wa nusu ya mtaa wao. Katikati ya meza iliwekwa sahani tupu iliyofunikwa kitambaa cheupe, sahani ya kupokelea mahari.

Kwetu, kabla wakwe hawajala, binti mkubwa wa nyumba hupiga magoti mbele ya kila mmoja na kumnawisha mikono. Kazi hiyo haipewi mwingine. Nami nilikuwa nimejipaka poda, si ya kawaida, nilipaka, nikatazama, nikaona mabaka bado yanachungulia, nikapaka tena, nikapaka juu ya ile, mpaka nikawa kama unga wa bukari, ule ugali wetu. Nikachukua beseni na birika la maji ya moto, nikapiga magoti mbele ya shangazi. Mvuke ukapanda. Jasho likapanda nao. Nikahisi poda inateremka shavuni polepole, na kabla sijapata mkono wa kujifuta, tone moja likaanguka kwenye beseni, maji yakawa meupe kama yametiwa maziwa.

Shangazi akanyanyua miwani. Akanishika kidevu kwa mkono uliolowa.

"Mama, iyi mimba iko ya myezi ngapi?"

Ningesema kweli hapo hapo, pengine ingekuwa aibu ya dakika tano. Nikasema, "Hapana mimba, mama. Ni mafuta ya moto iliniunguza."

"Mafuta?" akasema. "Inaunguza mashavu yote mbili sawasawa, inapanda pa paji, inashuka pa mudomo? Iyo mafuta ilisoma jometri wapi?"

Mmoja wao akacheka. Baba mdogo hakucheka. Alisimama.

"Banze. Muanaume ni nani?"

Sijui kwa nini, lakini macho yote yakamgeukia Citoyen Kyungu, aliyekuwa anaingia na benchi la mwisho begani. Akalidondosha.

"Eh! Miye nilileta paka mabenchi!" akalalama, yaani mabenchi tu, basi.

Hata hapo nisingeweza kucheka, kwa sababu baba mdogo alikuwa ameanza kusema neno nililoliogopa: kwamba yeye hawezi kupokea mahari ya mdogo katika nyumba ambayo mkubwa ana mimba isiyo na mwenyewe, kwanza kesi ihukumiwe, mahari irudi. Na shangazi alikuwa tayari anajifunga kitambaa kichwani. Nikamtazama Ngoie mlangoni pa chumba. Hakulia. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

Nikainuka, nikaenda jikoni, nikautoa mkebe wa chumvi. Nikarudi na ile pakiti, nikaiweka kwenye sahani, juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu mikono yangu haikuona mahali pengine.

"Njo iyi," nikasema. "Banaitumia kwa kuzuia mimba. Walinipa ju ya damu. Kisha damu ilitulia, nikaendelea ju ya chunusi. Ju ya uso tu. Siko na muanaume, siko na mimba. Nilisema bongo," nikakiri uongo wangu.

Shangazi akaichukua, akaitazama matundu matupu, akairudisha polepole.

"Ile wanawake ya bwana banakunywa, weye hauna bwana unakunywa," alisema. "Sasa nitajua namna gani bongo ni ile ya kwanza ao ile ya pili? Tutarudia kisha myezi ine. Tumbo haijue kusema bongo."

Wakaondoka bila kula. Kuku wa baba mdogo walibaki kwenye sufuria.

Kesho yake Ngoie alinipeleka kwa Mama Kalumba, yeye mbele mimi nyuma, kama mzazi na mtoto. Muuguzi alinigombeza kwanza, kisha akatueleza. Kidonge kile, alisema, kina hormone, na hormone ni kama tangazo la redio, linapita mwili mzima, lakini linasikika tu pale penye poste, ile redio yenyewe, ya kulipokea. Ngozi nayo ina vipokezi vyake. Vile vya tezi za mafuta vilisikia habari, vikatulia, ndiyo maana chunusi zilikauka. Vile vya chembe zinazotengeneza weusi wa ngozi, nazo mashavuni huwa nyepesi kusikia, vilisikia habari ileile ambayo mwili wa mama mjamzito hutangaza, vikafanya vilevile vinavyofanya kwa mjamzito. Na jua la sokoni likamalizia.

"Mimba haiko," alisema, "lakini mashavu yalisikia mimba. Hayakukosea. Weye njo uliyatangazia."

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani Ngoie akasema, "Yaya, uliacha shule ju yangu, sikukuomba. Uso yako pia sikuiomba." Kisha akanivua kitambaa changu begani, akanifunika kichwa mpaka kwenye paji, jua lisinipige.

Miezi minne hiyo Katuba nzima ilitazama tumbo langu. Niliuza samaki nimevaa kofia ya majani, wanawake walinunua samaki mmoja na kutazama mara tatu. Citoyen Kyungu alibadilisha njia ya kwenda kanisani. Sikuhama meza yangu hata siku moja, maana ningekosekana wangesema nimekwenda kuzaa.

Wakwe wakarudi. Nilipiga magoti na beseni, bila poda, mabaka yakiwa yamefifia lakini yapo. Shangazi alinitazama tumbo kwanza, kwa muda mrefu, bila kujificha. Kisha uso.

"Tumbo haina kintu," alisema. "Ila huku iko bado."

"Iko, mama. Banasema itakawia kutoka."

Akanyoosha mikono, nikammiminia. Maji yalibaki maji. Akamgeukia baba mdogo akasema, "Bakwe, leteni ile sahani."

Siku hizi Ngoie ana watoto watatu, na jua likiwa kali, nikisahau kofia, mabaka huinuka tena, nao huniuliza, "Mama mukubwa, uko na nini pa mashavu?" Ngoie hujibu kabla yangu: "Ni mimba yangu ile, ya myezi ine." Basi mimi hucheka nao. Lakini dawa niliyopewa ya miezi mitatu, mimi naiacha mwezi wa tatu, na chunusi zangu za taya, ambazo zilirudi zote, siku hizi naenda nazo mpaka kwenye harusi.