Kitambaa cha Kumi na Mbili

Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1911, Loishiye alivutishwa dawa ya usingizi saa mbili na dakika kumi asubuhi. Kisu kiligusa paja lake saa mbili na dakika ishirini na tano. Fundo la mwisho lilikazwa saa nne kasoro dakika tano. Katika saa hiyo moja na dakika arobaini na tano, Saning'o alikuwa na kazi moja tu: kumpa daktari vitambaa vya kufyonzea damu, kuvipokea vinaporudi, na kuvihesabu kabla jeraha halijafungwa. Vilikuwa kumi na viwili. Kuvihesabu kungechukua muda mfupi kuliko kunawa mikono.

Hakuvihesabu.

Saning'o alikuwa Mwarusha wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, mmoja wa wanafunzi wanne waliofundishwa upasuaji na daktari Mjerumani katika hospitali ndogo ya misheni. Wenzake waliionea wivu mikono yake. Tangu utotoni alikuwa amechinja mbuzi na kondoo, akajua msuli unaishia wapi na mshipa unapita wapi kabla hajafunua kitabu chochote. Walipofanya mazoezi ya kushona kwenye mapaja ya mbuzi, daktari aliliinua la kwake ili wengine walitazame: mshono wa fundo mojamoja, mafundo yamelingana kama punje kwenye gunzi.

Lakini kwao watu hawahesabiwi, wala ng'ombe. Jioni baba yake husimama langoni mwa boma, mifugo ikiingia, akaitazama tu, akajua ni yupi ambaye hajarudi. Kutaja idadi ya kilicho hai ni kukiitia kifo. Na siku ile aliyelala mezani alikuwa mtu wa rika la baba yake, aliyepigwa pembe na nyati akichunga kando ya msitu. Vitambaa vilikuwa vimeingia katika nyama yake na kutoka na damu yake. Daktari alipouliza kama vimetimia, Saning'o alilitazama beseni kama baba yake anavyolitazama zizi, asione pengo.

"Vimetimia, Bwana Daktari."

Ng'ombe ana rangi yake, ana pembe zake, ana mama anayejulikana. Vitambaa vilivyolowa damu havina hata kimoja cha hayo.

Alasiri ile Penina, mama wa Kimeru aliyefua na kushona nguo za hospitali, alimwita penye kamba ya kuanikia.

"Mwanangu, nimefua kumi na kimoja. Mwenzao amekwenda sokoni?"

"Nitamtafuta, mama."

Alitafuta chini ya meza, ndani ya ndoo, kwenye shimo la kuchomea pamba chafu. Shimoni alikuta majivu, na akajiambia kwamba majivu yale yanatosha kuwa jibu. Jua lilikuwa bado halijazama alipokata kipande katika upindo wa shati lake jeupe la kanisani, akakishona kingo, akakianika pamoja na vingine. Daktari alipopita asubuhi ya Jumanne akavihesabu mwenyewe kambani, vilikuwa kumi na viwili.

Jumatano Loishiye alipata homa. Alhamisi jeraha lilianza kunuka, na siku hiyohiyo Penina alimjia Saning'o akiwa na kitambaa mkononi.

"Hiki sikukishona mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi napitisha uzi moja kwa moja. Huyu aliyeshona hapa amefunga fundo kila hatua, kama anayefunga kidonda."

Saning'o aliyatazama mafundo yake. Yalikuwa yamelingana vizuri sana.

"Mama, utasema?"

"Mimi ni mfuaji. Napeleka nguo, sipeleki habari za watu." Alikikunja kitambaa, akamwekea kiganjani. "Lakini yule mzee ana mke. Tangu jana amekaa mlangoni, hajala."

Ijumaa saa mbili asubuhi daktari aliwakusanya wanafunzi kando ya kitanda cha Loishiye. Kila mgonjwa kwake alikuwa somo. Aliwauliza kwa nini paja linaoza.

"Uchafu wa pembe, Bwana Daktari," alijibu Sadoki, Mmeru aliyependa kujibu kwanza. "Nyati hanawi."

Wawili walicheka. Daktari hakucheka, alikubali jibu. Uchafu umefika mfupani, alisema. Hakuna kilichosahauliwa ndani, kwa kuwa vitambaa vilitimia. Basi saa nne mguu utakatwa, la sivyo mtu atakufa.

Loishiye, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alimtazama Saning'o amfafanulie. Saning'o alimweleza kwa Kimaa, lugha yao. Mzee akauliza pasipo hasira:

"Mwanangu, mtu wa mguu mmoja anafuata ng'ombe gani?"

Saning'o alikitoa kitambaa mfukoni, akakiweka juu ya shuka mbele ya wote.

"Hiki ni cha shati langu," alisema. "Sikuhesabu. Kilichopotea kimo ndani yake, na nimejua tangu Jumatatu alasiri."

Sadoki, ambaye siku zote alimtania kwa uchungaji wake wa mifugo, alijaribu kumwokoa. "Bwana Daktari, hawa Waarusha hawahesabu kilicho hai. Ni mila yao. Si kosa lake."

Daktari alimgeukia Saning'o. "Ni kweli?"

Ulikuwa mlango wazi, naye angeweza kuupita akabaki na heshima yake.

"Ni kweli kwamba mila ilinizuia kuhesabu," alisema. "Haikunishonea kitambaa."

Saa tatu na dakika ishirini jeraha lilifunguliwa upya. Kitambaa kilitoka kimejikunja, kikubwa kama yai la kuku, na nyuma yake usaha mwingi. Mguu haukukatwa. Daktari alipomaliza kunawa mikono alisema kwamba Saning'o atafanya kazi kwa Penina chumba cha kufulia, wala hatashika kisu mpaka atakapokuja mwenyewe kuomba.

Homa ilipoondoka, Saning'o alikwenda kwa Loishiye akainamisha kichwa. Mzee alikigusa kwa kiganja, kama ilivyo adabu ya kumsalimia kijana, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Ungevihesabu juu yangu nami nasikia, ningekukemea mimi mwenyewe," alisema.

Alidhani anamfariji. Saning'o alitoka upesi akasimama nyuma ya jengo, kwa sababu mzee alikuwa amemsamehe kosa la asubuhi moja, na zile siku nne hakuzijua hata kidogo. Aliyoyasema Saning'o siku ile kando ya kitanda yalisemwa kwa Kiswahili; mzee aliambulia tu kwamba vitambaa havikuhesabiwa, na Saning'o hakumfafanulia mengine.

Jumatano, tarehe 14 Agosti 1912, Loishiye alipita mbele ya hospitali akiswaga ng'ombe wake, akichechemea kidogo mguu wa kushoto. Saning'o alikuwa bado chumba cha kufulia. Alikuwa hajamwambia mzee habari za zile siku nne, wala hajaenda kuomba kisu.