Bega Lililopona Kitambo

Bega langu la kulia lilipona kitambo, ila sikumwambia Nafula. Huyu ni msichana anayekanda watu misuli nyuma ya saluni moja hapa mtaani Jericho. Nilimwendea nikiwa siwezi hata kuanika nguo. Akanikanda kila Jumamosi mpaka maumivu yakaisha.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza. Tangu tumzike mume wangu, Baba Akinyi, hakuna aliyenigusa zaidi ya salamu ya mkono. Basi mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikawa nalala pale kifudifudi na kuguna, "Hapo hapo, Nafula, bado panauma." Naye masikini anaongeza mafuta, ananionya nisibebe ndoo za maji.

Jumapili iliyopita kanisani wakaimba wimbo alioupenda marehemu. Nikajisahau. Niliinua mikono yote miwili juu kabisa, nikaipunga huku nalia kama mtoto. Wimbo ulipoisha, pasta akatuambia tusalimie walio nyuma yetu. Nikageuka, mikono ingali hewani, na aliyekuwa nyuma yangu ni Nafula. Sikujua kama anasali kwetu.

Niliishusha mikono haraka, nikashika bega na kukunja uso, eti linauma. Nilikuwa nimeshika la kushoto.

Nafula hakucheka. Alisogea, akalikanda kidogo hilo hilo la kushoto mbele ya kanisa zima.

"Jumamosi uje tu, Mama Akinyi," akasema kwa sauti ya chini. "Hata kama hakuna panapouma."